Kikao Kiwe Asubuhi: Vidokezo kwa Anayetaka Kuamua kwa Haki

Tukiona mtu ameamua vibaya, upesi tunasema ana roho mbaya. Mimi naamini mara nyingi alikuwa amechoka, ana haraka au amesahau. Ndivyo tulivyoumbwa. Basi tupange maamuzi yetu tukiujua udhaifu huo, tusingoje utuumbue.

1. Usihukumu ukiwa na hasira, njaa au usingizi

Mtume Muhammad (S.A.W.) alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira, na wanazuoni wakaongeza humo njaa, kiu na usingizi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu: ukiamka saa kumi na moja alfajiri, saa hizo zinatimia saa nne usiku. Ndio wakati vikao vyetu vya familia vinapopamba moto.

Kwetu yalitokea usiku wa tatu wa matanga ya mama. Saa sita kasoro tulimweka dada yetu kati, tukamhoji kuhusu fedha za rambirambi, maana hesabu haikukamilika. Alikuwa jikoni tangu alfajiri. Kanga bado kaifunga kiunoni, mikono inanuka vitunguu. Akajibu kwa ukali, nasi tukauchukua ukali ule kuwa ushahidi. Asubuhi mjomba alikaa kibarazani na daftari la rambirambi, akabandua taratibu kurasa mbili zilizogandana kwa chai ya maziwa. Majina yote tuliyoyatafuta yalikuwa humo. Dada alitusamehe, lakini mpaka leo hakubali kushika fedha za shughuli yoyote.

2. Andika, kwa sababu kumbukumbu hubadilika

Mwaka 1974, nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari. Walioulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kuhusu "yalipogongana". Baada ya wiki moja, waliodai kuwa waliona vioo vilivyovunjika walikuwa wengi zaidi katika kundi la kwanza. Vioo vilivyovunjika havikuwapo.

Watu wale hawakuwa waongo, na huenda ndugu yako anayeapa kwamba hukumwambia hivyo naye si mwongo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo. Fanyeni hivyo hata mkiwa mmezaliwa tumbo moja.

3. Kuwa na orodha, hata kama wewe ni bingwa

Kidokezo hiki nakipenda kuliko vyote. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Ni mambo ambayo kila mpasuaji anayajua: je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua upande gani? Vifaa vimehesabiwa kabla hajatolewa chumbani? Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari ni wale wale na ujuzi wao ni ule ule. Walikubali tu kwamba binadamu husahau.

Nawe tengeneza yako fupi kwa mambo mazito. Yangu ina maswali matatu: nani hajasikilizwa? Nani ataumia? Nini kitaharibika tukingoja mpaka kesho?

4. Punguza haraka, utawaona watu

John Darley na Daniel Batson walifanya jaribio kwa wanafunzi wa theolojia huko Princeton, wakalichapisha mwaka 1973. Njiani palikuwa na mtu aliyejikunyata, anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu walimsaidia. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63. Wengine walikuwa wanakwenda kuzungumzia habari ya Msamaria Mwema! Kwa hiyo ondoka nyumbani mapema. Na jirani aliyekupita siku ya shida yako, usimfutie utu kwa siku ile moja.

5. Panga kiwango cha kutoa kabla hujaombwa

Harusi, msiba, ada, matibabu: huwezi kuyabeba yote. Mtu hujikuna ajipatapo. Tenga fungu mwanzoni mwa mwezi, utoe kwa moyo mweupe, na likiisha sema limeisha.

6. Kesi inayokuhusu mpe mwingine

Jaji mwenye maslahi katika kesi hujitoa, hata akiwa mwadilifu namna gani, kwa kuwa nyani haoni kundule. Kama ugomvi ni wa mwanao na mtoto wa jirani, tafuta mzee asiye na upande, ukae pembeni usikilize. Kama ni wa mirathi, usiwe wewe mwenye kalamu.

Na kikao chenu kijacho, ndugu msomaji, kipangeni saa nne asubuhi, watu wakishakunywa chai. Aliyepika naye aitwe, akae kitini kama wengine.