Sadaka ya Novemba kwa Njaa ya Juni

Wakristo wa Kitale na Bungoma hutoa sana Desemba. Unga, sukari na mafuta ya kupikia huwafikia wajane na wazee, na ni jambo jema. Lakini Desemba mahindi yamejaa, na hata asiye na shamba hupata kibarua cha kuvuna au kupukuchua. Njaa yenyewe hubisha hodi Mei na Juni: ghala limekwisha, mahindi ya shambani hayajakomaa, na bei ya gorogoro imepanda. Mathayo 25 inatufundisha kwamba anayemlisha mwenye njaa amemlisha Kristo. Basi tupange upendo wetu kwa kufuata majira ya shamba.

1. Tenga unapovuna Novemba. Walawi 19 inamwagiza mkulima asivune pembe za shamba lake, bali amwachie maskini na mgeni. Ruthu na mkwewe Naomi walikula kwa agizo hilo. Nawe weka nadhiri ya mistari miwili ya mwisho, au debe moja kwa kila magunia kumi. Gunia la kilo 90 hutoa takribani gorogoro 40. Jumuiya ikikusanya magunia machache tu, nyumba kadhaa zitavuka Juni.

2. Kausha na uhifadhi vizuri. Usimpe mtu mahindi ambayo wewe usingeyasaga. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudishe juani. Mahindi yenye unyevu huota kuvu inayoleta sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

3. Ujue mlango wa kubisha. Wenye shida kubwa mara nyingi hunyamaza. Waulize viongozi wa jumuiya ndogondogo, mzee wa nyumba kumi, na mwalimu anayejua ni mtoto gani hushinda na njaa mchana. Nendeni wawili, jioni, bila kamera wala tangazo kanisani. Aliyepokea asiogope kukutana nanyi sokoni Chwele au Kimilili.

4. Mkaribishe ndani. Akija mwenyewe, usimalizane naye langoni. Mpe kiti, maji ya kunawa na chai, na mle pamoja. Muulize jina na habari za nyumbani, kisha msikilize hadi amalize. Mahubiri yanaweza kungoja. Luka 14 inatuhimiza tuwaalike wasioweza kutulipa, na mwalikwa hukaa mezani kama wengine.

5. Mtoto wa mtaani ahitaji zaidi ya sarafu. Katika mitaa ya Kitale wapo watoto wanaolala nje. Mpe chakula badala ya pesa, na umwite kwa jina lake, si chokoraa. Usimchukue nyumbani kimyakimya hata kwa nia njema; mjulishe chifu au afisa wa watoto, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto inayopokelewa usiku na mchana. Huenda ana nyanya au shangazi anayemtafuta.

6. Mwezi Machi, toa mbegu. Unga humvusha mtu leo, lakini mbegu humwezesha kuwa na ghala lake. Ekari moja huhitaji kama kilo 10 za mbegu. Nyumba tatu zikichangia mbegu na mbolea, mjane mwenye robo ekari ataipanda yote kabla mvua haijapita. Ukimpa kibarua, mlipe sawa na wengine, na umlipe siku hiyohiyo.

Jumapili hii, baada ya ibada, ketini kama jumuiya mchague mtunza ghala na mwenye daftari. Andikeni kila debe linaloingia na kila gorogoro linalotoka. Ndugu msomaji, usingoje uwe na ziada. Anza na debe moja, na Juni ikifika, lifikishe panapostahili.