Safari ya peke yako kumwona rafiki: Hesabu usingizi kabla ya petroli

Msomaji, chukua mfano wa mtu wa Shirere, mjini Kakamega, ambaye rafiki yake wa tangu shule alihamia Mombasa kikazi. Miaka imepita na salamu zimebaki kuwa za simu tu. Siku moja anapata likizo, gari analo, naye anaamua kujiendesha mwenyewe hadi Pwani bila utingo wala dereva wa kupokezana. Pengine mtu huyo ni wewe.

Safari yenyewe ni njema kwa afya, na haifai mtu kuonewa eti anachoma petroli bure. Mnamo Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka ulimwenguni. Kuonana na rafiki uso kwa uso kuna manufaa yake mwilini na akilini. Suala tunalotaka kulishughulikia wiki hii ni namna ya kufika kwake ukiwa mzima.

Kutoka Shirere hadi Mombasa, ukipitia Chavakali, Kisumu, Kericho, Nakuru na Nairobi, ni karibu kilomita 900. Wenye haraka hujisifu kwamba waliikata kwa mkupuo mmoja. Sasa sikiliza sheria inavyosema. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Shirere hadi Nairobi pekee, pamoja na malori ya njiani, inaweza kuzimaliza saa hizo zote. Wewe wa gari la kibinafsi hukutajwa katika kifungu hicho, lakini ubongo wako hautofautiani na wa dereva wa basi. Tofauti ni kwamba yeye ana abiria watakaopiga kelele akianza kuyumba. Wewe huna mtu.

Hapo ndipo penye hatari ya safari ya peke yako. Mtu mwenye usingizi ni hakimu mbaya wa usingizi wake. Hudhani angali macho ilhali ubongo umeanza kujizima kwa vipande vya sekunde mbili, tatu au nne, pengine macho yakiwa wazi kabisa. Ukienda kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, gari hukata takriban mita 28 kila sekunde. Sekunde nne ni zaidi ya mita 110, yaani zaidi ya kutoka lango hadi lango katika uwanja wa Bukhungu, na muda wote huo gari halina dereva.

Mnamo 1997 watafiti wawili nchini Australia walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliokaa bila kulala. Mtu aliyekesha kwa saa 17 alifanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na nchi nyingi humkataza mwenye zaidi ya kiwango hicho kushika usukani. Baada ya saa 24 alikuwa kama mwenye takriban asilimia 0.10. Hebu tupige hesabu. Umeamka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, ukaenda kazini, ukarudi kufunga mizigo, ukaondoka Shirere saa mbili usiku ili “kukwepa msongamano”. Kufikia saa nne usiku umetimiza saa 17, na bado hujaipanda milima ya Kericho. Kutakapopambazuka uko mbele ya Nairobi ukielekea Sultan Hamud, umetimiza saa 24. Hukunywa hata tone, lakini unaendesha kama mlevi.

Kuna jambo la pili: saa ya mwili. Hata aliyelala vizuri hupatwa na wimbi la usingizi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na wimbi dogo zaidi kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Tarehe 10 Oktoba 2018, mwendo wa saa kumi alfajiri, basi lililotoka Nairobi kuja upande wa magharibi lilianguka karibu na Fort Ternan, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Hatusemi kwamba usingizi ndio uliosababisha msiba huo. Tunataja saa tu, maana ni saa ambayo binadamu hakuumbiwa kuendesha gari.

Kwa hivyo safari hii ni ya siku mbili. Siku ya kwanza Shirere hadi Nairobi, na ya pili Nairobi hadi Mombasa. Usiku wa kuamkia safari ulale saa saba au nane kamili, uondoke kukiwa kumepambazuka. Ukijiambia utaamua njiani kama umechoka, umekwisha kumkabidhi uamuzi yule hakimu mbaya tuliyemtaja. Panga vituo ungali nyumbani na uviandike: angalau robo saa ya mapumziko kila baada ya saa mbili, uwe unahisi uchovu au la. Kericho na Nakuru zinafaa siku ya kwanza. Siku ya pili Emali na Mtito Andei, ambayo iko karibu nusu ya njia. Ukichelewa, usiulipize muda huo kwa kukata mapumziko. Vilevile usiruhusu giza likukute kati ya Mtito Andei na Voi, kwa kuwa barabara inapita mbuga ya Tsavo, na ndovu hana taa za nyuma.

Je, usingizi ukikushika kabla ya kituo? Dalili ni hizi: kupiga miayo mfululizo, macho kuwasha, kupita njiapanda uliyoijua, gari kugusa mstari wa kati, au kushindwa kukumbuka kilomita chache zilizopita. Watu wengi hufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio. Waliolichunguza jambo hili katika miaka ya 1990 waligundua kwamba nafuu yake ni ndogo na ya muda mfupi. Kinachosaidia ni kusimama. Ingia katika kituo cha petroli chenye watu na mlinzi, kunywa kikombe kimoja cha kahawa, zima injini, funga milango, halafu ulale dakika 15 hadi 20. Kafeini huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, hivyo utaamka ikianza kukusaidia. Usilale zaidi ya hapo ukitaka kuendelea na safari mara moja, kwani utaamka mzito kuliko ulivyolala. Na usilale na injini ikinguruma. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua kimyakimya. Ikiwa baada ya hayo bado unasinzia, tafuta chumba ulale.

Miraa haimo katika dawa hizi. Inaficha uchovu bila kuuondoa, na nguvu zake zikiisha usingizi hurudi kwa ghafla. Dawa za mafua nazo zichunguze: chlorpheniramine, ambayo wengi wanaijua kama Piriton, huleta usingizi. Ukiwa na mafua siku ya safari, mwulize mfamasia akupe isiyosinzisha. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuondoka na kila baada ya saa mbili, asishike usukani ikiwa chini ya 5, na awe na kitu kitamu karibu ya mkono wake. Mwenye kifafa ambacho hakijatulia asiendeshe kabisa. Mabasi yapo, na rafiki hatamkosa.

Miguu pia ina haki yake. Ukikaa kitini kwa muda mrefu, damu hutuama katika mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kuwa hatari hiyo huongezeka karibu maradufu kwa safari ya saa nne au zaidi, ingawa kwa mtu mzima mwenye afya inabaki kuwa ndogo. Wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wanaotumia tembe za kupanga uzazi na waliowahi kuganda damu wamwone daktari kwanza. Wengine, kila mnaposimama tembeeni. Baada ya safari, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata pumzi fupi na maumivu ya kifua, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Kunywa maji kidogo kidogo. Wanaojinyima ili wasitafute choo huishia na kichwa kinachouma, hasa wakishukia joto la Voi na Mariakani. Chakula cha mchana kiwe chepesi. Sima kubwa na nyama ya kuchoma hapo Naivasha, saa nane mchana, ni kujitafutia usingizi kwa pesa zako mwenyewe.

Najua pia kwamba mtu wa Kakamega haendi ugenini mikono mitupu. Mkungu wa ndizi na mihogo viende kwenye buti na vifungwe. Kuku hai ni balaa: akijifungua kamba katikati ya mteremko wa kushuka Salgaa na kuingia chini ya kanyagio la breki, hakuna daktari atakayekusaidia. Mpeleke rafiki unga wa wimbi, kuku mtamnunua huko.

Tukija kwa rafiki mwenyewe, yeye anaweza kuwa msaada au hatari. Simu zake za “umefika wapi?” zina upendo, lakini zikikukuta kwenye mwendo zinakutoa akili barabarani, hata ukizungumza bila kuishika simu kwa mkono. Patana naye kwamba wewe ndiye utakayepiga, tena kutoka vituoni tu. Mpe orodha ya vituo na saa zake, na nakala umwachie jirani Shirere. Ukipita saa moja na nusu bila kusikika, wao ndio watakaoanza kuuliza. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Kuna usiku mmoja ambao wasafiri wengi huusahau, nao ni ule wa kuamkia kurudi. Marafiki walioachana miaka hawalali. Gumzo huenda hadi majogoo, kisha mgeni huingia garini akiwa amesinzia saa mbili. Mwambie mapema, kabla hujatoka Shirere, kwamba usiku huo utaingia kitandani saa tatu, na hadithi zenu zipangiwe jioni za kabla yake.