Kwa Sheria Ipi?

Kwenye karatasi yangu ya semina niliandika, tena kwa kujiamini, kwamba mwaka 1135 Stephen wa Blois alimpora Matilda ufalme wa Uingereza. Mwalimu akanirudishia na swali moja pembeni, kwa wino mwekundu: "Kwa sheria ipi?" Jamani, nimelala na swali hilo wiki mbili.

Madesa yetu yanachora ukoo wa wafalme wa Kinormani kama mti ulionyooka, baba juu, mtoto chini. Taji lenyewe halikutembea hivyo. William Mshindi alipofariki mwaka 1087, Robert, mwanawe wa kwanza, alipata Normandy. Uingereza ikaenda kwa mdogo wake, William Rufus, na Henry, kitinda mimba, akaambulia fedha taslimu. Mwaka 1091 Robert na Rufus wakawekeana mkataba: atakayetangulia kufa bila mtoto halali, mwenzake amrithi. Tarehe 2 Agosti 1100 Rufus akapigwa mshale mawindoni, na Robert bado yuko njiani kutoka Vita vya Msalaba. Henry hakukaa matanga. Alikwenda mbio Winchester, ilikokuwa hazina, akaishika, na tarehe 5 akavikwa taji Westminster. Siku tatu tu! Mkataba ukabaki karatasi.

Sasa huyuhuyu Henry ndiye aliyekuja kuhangaika na viapo. Watoto wa nje ya ndoa alikuwa nao zaidi ya ishirini, lakini wa ndani waliokua ni wawili, Matilda na William. Novemba 1120 Merikebu Nyeupe iligonga mwamba usiku karibu na Barfleur, William akazama pamoja na vijana wengi wa ikulu. Mtawa Orderic Vitalis anaandika kwamba Stephen, mpwa wa mfalme, alikuwa ameshashuka kabla haijaondoka kwa sababu ya tumbo la kuhara. Ndiyo, tumbo.

Hapo ndipo nilipokwama. Henry alikuwa na mwana mtu mzima, hodari wa vita, Robert wa Gloucester. Kwa nini asiwe yeye? Kwa sababu ni mwana haramu, desa linajibu. Lakini William Mshindi naye alikuwa mwana haramu, na mwaka 1035 alirithi Normandy akiwa mtoto mdogo! Katika miaka mia moja Kanisa lilikuwa limeikaza ndoa, na mlango aliopitia babu ukafungwa kwa mjukuu.

Ikabaki Matilda. Mwanzoni mwa 1127 wakuu wa nchi walimwapia, Stephen akiwemo, tena akigombea kuapa mapema. Mwaka uliofuata baba yake akamwoza Geoffrey wa Anjou, nyumba ambayo Wanormani hawakuipenda hata kidogo. Henry alipofariki tarehe 1 Desemba 1135, binti alikuwa ng'ambo, mjamzito, na amekosana na baba yake kuhusu ngome za mahari. Stephen akafanya kilekile alichofanya mjomba wake: London, kisha Winchester, ambako ndugu yake alikuwa askofu, hazina, taji. Tarehe 22 yeye ni mfalme. Kuhusu kiapo, watu wake walidai kilikuwa cha kulazimishwa, na kwamba mzee alibadili mawazo kitandani akikata roho.

Vita vilivyofuata vilikula miaka mingi. Mwaka 1141 Stephen alitekwa, lakini wakazi wa London wakamtimua Matilda kabla hajatawazwa. Mwaka 1153 wakapatana: Stephen atawale hadi afe, kisha arithiwe na Henry, mwana wa Matilda. Stephen alikuwa bado na mwana hai, wa ndoa kabisa. Akawekwa pembeni.

Mimi bado naona Matilda alidhulumiwa, ila kwa kiapo kilichovunjwa, maana sheria ya kurithi taji hapakuwa nayo. Sentensi yangu nimeiandika upya: "Stephen alivunja kiapo chake, akashika hazina, akatawazwa." Karatasi iko kwa mwalimu, haijarudi.