Gari la Kazi na la Nyumbani: Lipi Litakufaa?

Pikapu ya zamani ikianza kukataa kuwaka kila asubuhi ya baridi, watu wa nyumbani huanza kuulizana: sasa tununue lipi? Hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Linawahusu sana ninyi wakulima wa skimu, walioko juu Timau na walioko chini Mbeere, kwa kuwa kwenu gari moja hutakiwa kubeba mazao na kubeba watu pia.

Mkulima mmoja wa kahawa alifika ofisini kwetu pamoja na mkewe. Pikapu yao ilikuwa ya viti viwili tu mbele. Mzee alitaka nyingine ya namna ile ile, ila kubwa zaidi. Mama alikaa kimya mpaka tulipomwuliza, ndipo akasema: "Kahawa ikilowa tutaianika. Lakini usiku ule tulipompeleka mama mkwe hospitali, yeye alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma na mtoto mchanga mgongoni, chini ya turubai, mvua inanyesha." Mzee hakuwa na la kujibu.

Basi hatukuanza kutaja majina ya magari. Tuliwapa daftari, tukawaambia waandike kila safari kwa mwezi mzima: umbali gani, watu wangapi, kilo ngapi, lami au udongo. Nawe fanya hivyo. Ikiwa mwezi huo si wa mavuno, ongeza safari za mavuno kwa kukumbuka za mwaka uliopita. Daftari lao lilionyesha kwamba mzigo mkubwa ulikuwa wa siku chache tu za mwaka, lakini shule, kanisa, soko na dawa za ng'ombe vilikuwa kila juma.

Sasa tupige hesabu. Gunia la mahindi ni kilo 90. Toyota Probox, gari mnalolijua sana huku Meru, limetengenezwa libebe kilo 400 likiwa na watu wawili; wakiwa watano, mzigo hushuka hadi kilo 250. Kwa hiyo magunia manne na watu wawili, sawa. Watu watano na magunia mawili, sawa. Ongeza la tatu, umezidi. Najua mmeona mengine yamepakia mpaka yanakaribia kugusa lami. Hao wasiwe walimu wenu. Barabara ya Embu hadi Meru ina miteremko mirefu, na gari lililozidishwa mzigo huchosha breki upesi. Mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, watu zaidi ya 30 wakafa. Kabla ya kutazama rangi ya gari, tazama breki na matairi.

Pikapu ya milango minne hubeba watu watano na mzigo nyuma, na yule mama angeipenda. Lakini bei yake ni kubwa, na matairi na mafuta yake pia. Inamfaa mtu ambaye kila juma ana mzigo na watu kwa pamoja, au anayekaa kwenye udongo mweusi wa Mwea. Udongo ule ukinyeshewa hushika magurudumu mpaka yasizunguke, na gari la chini hulala hapo hapo. Huko gari lililoinuka, linalosukumwa na magurudumu yote manne, si anasa. Aliye karibu na lami asilipie nguvu ambayo hataitumia.

Kwa mavuno, uliza bei ya kukodi lori. Zidisha kwa siku unazolihitaji, kisha linganisha na fedha unazotaka kuongeza ili upate gari kubwa. Wale wawili walipofanya hesabu hii, waliamua kununua gari la viti vitano na kukodi lori wakati wa kahawa. Mzee alisononeka kidogo, nadhani kwa sababu ya majirani.

Jambo la bima husahauliwa. Sheria yataka kila gari liwe na bima ya kulipa watu wengine wakiumia. Lakini ukikata bima ya matumizi ya nyumbani, kisha ukachukua abiria kwa nauli au mzigo wa jirani kwa malipo, kampuni yaweza kukataa kulipa ajali ikitokea. Sema kweli juu ya kazi ya gari siku unapokata bima.

Ukilipata gari, nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Lipakieni mzigo, mliendeshe mlimani, tena kwenye njia ya kwenu. Halafu tafuta habari za gari hilo katika mtandao wa eCitizen, upande wa NTSA, uone limeandikwa kwa jina la nani na kama lina deni la benki. Ikiwa jina si la huyo anayekuuzia, rudi na fedha zako nyumbani.