Kusoma Lebo za Kiingereza: Sifa ya Kitu na Matokeo Yake

Dawa nyingi za binadamu, dawa za mifugo na viuatilifu vya mashambani huuzwa madukani pamoja na maelezo ya Kiingereza. Mkazi anayeyajua maneno mojamoja, lakini asione jinsi yanavyoungana, aweza kumeza au kunyunyiza isivyopasa. Somo hili lahusu virejeshi vya Kiingereza, yaani "who", "which" na "that", ambavyo hueleza sifa ya kitu na matokeo ya sifa hiyo.

Kiswahili hurejesha kwa "amba-" au kwa kiambishi ndani ya kitenzi: mtoto aliyeugua, dawa iliyomwagika, vidonge vilivyolowa. Kiambishi hufuata ngeli, hivyo nomino inayosemwa hutambulika mara moja. Kiingereza hakina msaada huo. "Who" ni ya watu, "which" ni ya vitu, na "that" hutumika kwa wote. Kwa hiyo msomaji hana budi kuchunguza mambo manne.

Kwanza, nomino iliyo karibu na umbo la kitenzi. "Do not take these tablets with a drink that causes sleepiness." Kitenzi "causes" kina "s" kwa kuwa chahusu kitu kimoja, yaani kinywaji. Kingehusu vidonge, kingekuwa "cause". Maana yake ni: usimeze vidonge hivi pamoja na kinywaji kinacholeta usingizi. Anayekosea hudhani usingizi waletwa na vidonge, akaendelea kunywa pombe bila hofu.

Pili, koma. "The tablets which are coated must be swallowed whole" yahusu vile vidonge vyenye utando tu. Ikiandikwa "The tablets, which are coated, must be swallowed whole", basi vidonge vyote vina utando, na hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kutafunwa au kusagwa.

Tatu, "which" inayorejea tendo zima. "The patient stopped the tablets early, which allowed the disease to return." Hapa vidonge havikurudisha ugonjwa, kuviacha mapema ndiko kulikoruhusu urudi. Kiswahili husema: mgonjwa aliacha vidonge mapema, jambo lililoruhusu ugonjwa kurudi. Anayekosea hapa aweza kuikimbia dawa inayomponya.

Nne, kirejeshi kilichoachwa. "Wash the clothes you wore while spraying" maana yake ni: fua nguo ulizovaa wakati wa kunyunyiza. Neno "that" halikuandikwa, lakini maana yake imo.

Zoezi: "Keep children away from fields that have been sprayed." Ni nini kilichonyunyiziwa dawa, na nani azuiwe?

Jibu: yaliyonyunyiziwa ni mashamba, kwa kuwa ndiyo nomino inayotangulia "that". Watoto ndio wazuiwe kuyakaribia.

Lebo isiyoeleweka isikisiwe. Mkazi achukue chupa au kasha lenyewe, aende kwa mtoa huduma wa zahanati, muuza dawa au afisa ugani wa kata, aulize kabla ya kutumia. Kuuliza si aibu, na dawa ikishamezwa au kunyunyizwa hairudi chupani.