Mzigo Ukifika Umeharibika: Haki ya Mnunuzi na Hatua za Kuchukua

Chukua mfano wa mama mstaafu anayefuma kwa krosheti. Bintiye anatarajia kujifungua mwezi ujao, naye ameahidi kumfumia mjukuu blanketi. Anaagiza madonge 20 ya uzi wa rangi ya samawati kutoka duka moja la Nairobi, kila donge likiwa shilingi 250. Analipa shilingi 5,000 kwa simu, na 300 zaidi za usafiri. Siku ya pili anapigiwa simu kwamba mzigo umefika kwenye ofisi ya vifurushi ya basi.

"Mama, weka sahihi hapa," karani anamwambia akimsogezea kitabu. Mama anaweka sahihi, anabeba mfuko na kwenda zake. Nyumbani anakuta madonge 6 yamelowa mafuta ya kupikia. Ni wazi kwamba mfuko ulipangwa karibu na mtungi uliokuwa ukivuja.

Anampigia muuzaji. "Mama, mzigo ulitoka kwangu ukiwa sawa. Ongea na watu wa basi." Anarudi kwa watu wa basi. "Lakini mama, si ulitia sahihi?"

Wakazi wengi wakifika hapo hukata tamaa. Huona ni aibu kupigania uzi, shanga au rangi za kuchorea, vitu vya kujipitishia wakati. Lakini sheria haiulizi kama bidhaa ni ya kazi au ya kujifurahisha. Pesa ni pesa.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa. Haki hizo zimefafanuliwa katika Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Kwa hivyo maandishi ya "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" kwenye risiti hayafuti wajibu wa muuzaji kuhusu ubora.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina mambo matatu yanayomhusu mama huyu moja kwa moja.

La kwanza, mtu aliyeletewa bidhaa ambayo hakuikagua kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Sahihi ya kaunta inaonyesha kwamba mfuko ulichukuliwa. Haionyeshi kwamba uzi uliomo ulikuwa mzima.

La pili, muuzaji anayemkabidhi msafirishaji mzigo anatakiwa kufanya naye makubaliano yanayofaa kulingana na aina ya bidhaa. Asipofanya hivyo na mzigo ukaharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa, au kumdai muuzaji fidia. Uzi uliotiwa kwenye mfuko mwembamba bila karatasi ya nailoni, na bila maelezo yoyote kwa msafirishaji, unazua swali ambalo muuzaji lazima alijibu. Lakini ikiwa mnunuzi mwenyewe ndiye aliyechagua basi na kusisitiza litumike, kumbana muuzaji huwa kugumu zaidi.

La tatu, mnunuzi anayeendelea kuitumia bidhaa kama mali yake, au anayekaa nayo muda mrefu bila kusema neno, huhesabiwa kuwa ameikubali. Ndiyo maana mama hapaswi kuanza kufuma kwa madonge 14 yaliyobaki kabla suala halijamalizika.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kuuliza maswali manne kwa ujumbe wa maandishi, si kwa mdomo tu: Nani anachagua msafirishaji? Mzigo utafungwaje? Ukiharibika njiani, hasara ni ya nani? Malalamiko yapokelewe ndani ya siku ngapi? Muuzaji mwaminifu hujibu kwa mistari miwili. Anayekwepa maswali hayo kabla ya kupokea pesa atayakwepa zaidi baadaye.

Ni vyema pia kutumia kampuni ya vifurushi iliyo na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, kwa kuwa mteja ana pa kupeleka malalamiko ikimkosea.

Kwenye kaunta

Kagua mfuko au katoni kabla ya kuweka sahihi. Tazama doa, unyevu, kona zilizobonyea na utepe uliofunguliwa na kubandikwa tena. Ukiona dalili yoyote, omba mzigo ufunguliwe mbele ya karani. Akikataa, usigombane naye. Andika kando ya sahihi yako: "Mfuko una doa la mafuta. Sijakagua ndani." Kisha piga picha ya ukurasa huo. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maelfu ya shilingi.

Ukifika nyumbani

Fungua mzigo siku hiyo hiyo. Piga picha ya mfuko kwa nje, jinsi bidhaa zilivyopangwa ndani, na kila kilichoharibika. Hifadhi karatasi ya mzigo, ujumbe wa malipo na mazungumzo yote na muuzaji. Usifue, usikaushe wala usitupe chochote. Uzi ukishafuliwa, ushahidi umekwenda na maji.

Wafumaji wana jambo moja zaidi la kuangalia. Lebo ya uzi mara nyingi huwa na nambari inayoonyesha madonge yaliyotiwa rangi pamoja. Uzi wenye jina lile lile la rangi lakini nambari tofauti unaweza kutofautiana kidogo, na blanketi likamalizika na mstari unaoonekana. Kwa hivyo mama akidai madonge 6 mapya, ataje nambari hiyo. Kama duka halina tena uzi wa nambari ile, ombi la haki ni kurudisha madonge yote 20 na kurejeshewa pesa, kwa sababu 14 hayatoshi blanketi.

Jinsi ya kulalamika

Malalamiko mazuri ni mafupi, yana tarehe, na yanataja kinachotakiwa. Kwa mfano:

"Nilinunua kwako madonge 20 ya uzi kwa shilingi 5,000. Yamefika leo, na 6 yamelowa mafuta. Picha na risiti zimeambatishwa. Naomba uniletee madonge 6 yenye nambari ile ile ya lebo, bila gharama kwangu. Ikiwa huna, nitarudisha yote nawe unirejeshee pesa zangu. Naomba jibu ndani ya siku saba."

Matusi hayana nafasi hapo. Anayejibu simu mara nyingi ni kijana wa duka ambaye hana uwezo wa kuamua. Muulize kwa heshima jina la mwenye kuamua, kisha umwandikie huyo. Nakala ya ujumbe ipelekwe pia kwa kampuni ya basi, ili pande zote mbili zisiendelee kumrushia mnunuzi lawama.

Wakikataa kabisa

Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kaunti jukumu la kusimamia biashara katika eneo lake, pamoja na kuhakikisha biashara inaendeshwa kwa haki. Mkazi anaweza kuanzia katika ofisi ya biashara ya kaunti kwa ushauri. Muuzaji aliyedanganya kuhusu bidhaa anaweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Ushindani Kenya.

Kisha kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu iliposajiliwa. Kwa madonge 6 ya shilingi 1,500, nauli na muda vinaweza kupita dai lenyewe, na ni busara kupiga hesabu kwanza. Hata hivyo, muuzaji anayejua kwamba mteja ana picha, ana tarehe na anajua njia ya mahakama huona ni nafuu kutuma uzi mwingine.

Wakazi wenye mizigo njiani wiki hii wakumbuke jambo moja: kabla kalamu haijagusa kitabu cha karani, macho yaguse mfuko.