Mada ya 2: Dhana na Nadharia za Msingi za Sosholojia – Somo kwa Mfano wa Utani

Wanafunzi wengi huingia katika chumba cha mtihani wakiwa wamekariri nadharia tatu za sosholojia, majina ya waasisi wake na miaka yao ya kuzaliwa, kisha wanatoka na alama chache. Si kwamba hawakusoma. Swali liliwataka watumie nadharia kueleza jambo fulani katika jamii, wao wakaeleza nadharia yenyewe na kuishia hapo. Kwa hiyo katika mada hii hatutakupa orodha nyingine ya kukariri. Tutachukua jambo moja, yaani utani wa makabila na wa ukoo hapa Tanzania, na kulipitisha katika dhana na nadharia unazotakiwa kuzijua. Ukiweza kufanya hivyo kwa utani, utaweza kwa ndoa, shule au soko.

Jambo lenyewe

Mtani ni mtu ambaye mila inakuruhusu kumdhihaki, naye hatakiwi kukasirika. Wahehe na Wangoni ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Ndani ya ukoo, babu na mjukuu hutaniana, na mashemeji hutaniana. Lakini jaribu kumtania mama mkwe uone. Msibani, katika makabila kadhaa, mtani anaweza kuvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo na sauti yake, hata akazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote. Mtu huyohuyo ndiye utakayemkuta akichimba kaburi au akipasua kuni. Zingatia sehemu hii ya mwisho, kwa sababu wanafunzi wengi huisahau: utani si dhihaka peke yake, ni dhihaka pamoja na wajibu.

Dhana za msingi

Anza na dhana iliyo ngumu kuliko nyingine, jambo la kijamii. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim (1858–1917) aliieleza katika kitabu chake cha kanuni za utafiti wa sosholojia cha mwaka 1895. Kwake, jambo la kijamii ni namna ya kutenda, kufikiri au kuhisi ambayo iko nje ya mtu mmoja mmoja na ina nguvu ya kumbana. Pima utani kwa sifa hizo mbili. Je, uko nje yako? Ndiyo. Mtoto wa Kingoni hakuchagua kuwa mtani wa Wahehe. Alizaliwa akaukuta utani, na akifa atauacha. Je, unambana? Kasirika siku moja mbele ya mtani wako, utaona. Hakuna polisi atakayekuja, lakini watu watakucheka wewe uliyenuna, si yeye aliyekudhihaki. Kicheko hicho ndicho udhibiti wa jamii.

Ukishaelewa hapo, dhana nyingine zinafuata kwa urahisi. Kaida ni kanuni ya mwenendo ambayo jamii inaitarajia: mtani hakasirikiwi, mkwe haguswi kwa mzaha. Tunu ni kile ambacho jamii inakithamini na ambacho kaida inakilinda. Hapa ni amani kati ya watu wasio wa ukoo mmoja na heshima kwa wazazi wa mwenzi. Hadhi ni nafasi ya mtu katika jamii, na dhima ni mambo anayotarajiwa kuyafanya mtu aliye katika nafasi hiyo. Usichanganye hadhi na heshima au cheo. Mtani ana hadhi, japo hana cheo chochote. Tena hadhi yake ya utani wa kabila ni ya kuzaliwa nayo, tofauti na hadhi ya ualimu au uhandisi ambayo mtu huipata kwa juhudi. Ujamiishaji ni mchakato wa mtu kujifunza utamaduni wa jamii yake. Wewe mwenyewe ulijamiishwa katika utani siku babu alipokuita mume mwenzake au mke wake, ukashangaa, kisha watu wakacheka nawe ukajifunza kucheka.

Nadharia ya uamilifu

Nadharia hii huuliza: jambo hili linafanya kazi gani katika kuiweka jamii pamoja? Inaitazama jamii kama mwili wenye viungo vinavyotegemeana. Durkheim ni mmoja wa nguzo zake.

Kwa bahati nzuri, kuhusu utani tunaye mwananadharia aliyeliandikia jambo lenyewe. Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown (1881–1955) alichapisha makala kuhusu mahusiano ya utani mwaka 1940 katika jarida la Africa. Hoja yake inastahili kueleweka polepole. Ndoa, alisema, huziunganisha koo mbili na wakati huohuo huziacha zikiwa mbili. Mume anaingia katika familia ya mke lakini si mtoto wa familia hiyo. Kwa hiyo kuna kuungana na kuna kutengana, na mahali penye mambo hayo mawili ugomvi hauko mbali. Jamii ina njia mbili za kuuzuia. Ya kwanza ni heshima kubwa hadi kukwepana, ndiyo unayoiona kati ya mkwe na mama mkwe. Ya pili ni kinyume chake kabisa: kudhihakiana kwa ruhusa, ndiyo unayoiona kati ya mashemeji. Heshima na mzaha, vitu vinavyoonekana kupingana, vinafanya kazi moja. Ukiiandika hoja hii vizuri katika mtihani, mtahini atajua kwamba umeielewa nadharia.

Iongezee mfano wa misafara. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka bara hadi pwani, hasa Bagamoyo, wakibeba pembe za ndovu. Njiani walipita katika nchi za watu wasio ndugu zao. Walihitaji chakula, maji, mahali pa kulala, na mwenzao akifa, mtu wa kusaidia kumzika. Utani ulimpa mgeni haki ya kudai, na mwenyeji sababu ya kutoa.

Mmarekani Robert Merton (1910–2003) alitenganisha kazi za wazi na kazi fiche za jambo la kijamii. Msibani, kazi ya wazi ya mtani ni kusaidia mazishi na kuwachekesha waombolezaji. Kazi fiche ni kuutangaza upya uhusiano wa koo au makabila mawili mbele ya watu wote.

Nadharia ya mgogoro

Hii huuliza swali jingine: nani ananufaika, nani anaumia, na nani ana uwezo wa kumnyamazisha mwenzake? Mwasisi wake ni Mjerumani Karl Marx (1818–1883), aliyeona historia kuwa mapambano kati ya matabaka, wanaomiliki njia kuu za uzalishaji na wasiomiliki. Marx hakuandika kuhusu utani, kwa hiyo usimsingizie. Tunachokopa ni swali lake.

Rudi kwa Wahehe na Wangoni. Kabla ya kuwa watani walikuwa maadui, na walipigana vita vikali katika karne ya 19. Mtu wa uamilifu ataona amani iliyopatikana. Mtu wa mgogoro ataona kwamba vita haikusahauliwa, ila imebadilishwa sura, na ushindani wa nani zaidi unaendelea kwa maneno. Rudi pia kwa wapagazi: nani alitajirika kwa zile pembe? Mzaha ulirahisisha safari, lakini haukupunguza uzito wa mzigo begani.

Sasa tazama karibu nawe. Mwanafunzi amehamia bweni jipya, anachekwa kila siku kwa lafudhi yake, na akilalamika anaambiwa, “Ni utani tu.” Je, ni utani? Usikimbilie kusema si utani kwa kuwa upande mmoja tu ndio unaocheka. Radcliffe-Brown mwenyewe alionyesha kwamba upo utani wa pande mbili na upo wa upande mmoja, ambapo mmoja hudhihaki na mwenzake hupokea. Kipimo chenye nguvu zaidi ni hiki: je, ipo kaida inayojulikana na pande zote mbili, na je, mdhihaki ana wajibu wowote kwa anayedhihakiwa? Mtani wa kweli atakuja kukuchimbia kaburi. Wale wa bwenini hawadaiwi chochote. Wametumia jina la mila kuficha nguvu ya wengi juu ya mmoja, na kufichua jambo la namna hiyo ndiyo kazi ambayo nadharia ya mgogoro inaifanya vizuri kuliko nyingine.

Nadharia ya maingiliano ya ishara

Nadharia mbili zilizotangulia zinaitazama jamii kutoka juu. Hii inashuka hadi kwa watu wawili wanaozungumza. Mizizi yake iko kwa George Herbert Mead (1863–1931) aliyefundisha Chicago. Herbert Blumer aliipa jina mwaka 1937. Inasema kwamba watu hutenda kulingana na maana wanayoyapa mambo, na kwamba maana hiyo hutengenezwa katika kuhusiana kwao.

Chukua abiria wawili ndani ya daladala.

“Kwenu wapi, ndugu?”
“Songea.”
“Mngoni! Basi simama, hicho kiti ni cha bwana wako. Mimi wa Iringa.”
“Aa, mtumwa wangu! Nilikuwa nakutafuta unibebee huu mzigo.”

Wote wanacheka, na abiria waliokaa karibu wanacheka nao. Badilisha kitu kimoja tu: abiria wa pili awe anatoka kabila lisilo na utani na la kwanza. Maneno ni yaleyale, sauti ni ileile, lakini sasa ni tusi, pengine ngumi. Kwa hiyo maana haikai ndani ya neno. Imo katika makubaliano kati ya wanaozungumza, na swali “Kwenu wapi?” ndilo lililofungua makubaliano hayo.

Udhaifu wa nadharia hii ni rahisi kuukumbuka. Inaeleza vizuri mazungumzo ya daladala, lakini haiwezi kukuambia kwa nini ni Mhehe na Mngoni, wala si Mhehe na kabila jingine. Kwa hilo lazima urudi kwenye historia ya vita. Uamilifu nao hushindwa kueleza maumivu na mabadiliko, kwa kuwa kila kitu kwake kina faida. Mgogoro hushindwa kueleza kwa nini mtani, bila kulazimishwa na mwenye nguvu yeyote, anaacha shamba lake aende kuchimba kaburi la mtu wa kabila jingine.

Namna ya kujibu

Swali: Kwa kutumia nadharia ya uamilifu, eleza nafasi ya utani katika jamii.

Jibu dhaifu: “Nadharia ya uamilifu ilianzishwa na Durkheim. Inasema jamii ni kama mwili. Utani ni muhimu kwa sababu unaleta umoja.” Sentensi mbili za kwanza ni za kweli. Ya tatu ni dai lisilo na maelezo, na hapo ndipo alama zilipokuwa.

Jibu bora: “Ndoa huunganisha koo mbili zenye masilahi tofauti, hivyo mashemeji wako katika hatari ya kugombana. Utani huwaruhusu kuutoa uhasama huo kwa njia ya mzaha ambao hakuna anayeruhusiwa kuukasirikia. Kwa namna hiyo uhusiano wa koo hizo hudumu, jambo ambalo kwa mtazamo wa uamilifu ndiyo kazi ya utani.” Tazama kilichofanyika: limetajwa tatizo, ikaelezwa njia ya utani kulitatua, ndipo likaja neno “kazi”. Durkheim hakutajwa, na jibu halikupungukiwa.

Maswali ya kujipima

1. Tumia sifa mbili za jambo la kijamii kuonyesha kama mahari ni jambo la kijamii.

2. Mjukuu humtania babu lakini hamtanii baba. Eleza tofauti hii kwa dhana za hadhi, dhima na kaida.

3. “Kila utani ni vita iliyovaa nguo za mzaha.” Jadili kauli hii kwa nadharia ya mgogoro, kisha toa hoja moja ya kuipinga kutoka nadharia nyingine.

4. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 huitwa “watani wa jadi”. Mashabiki wake hawazaliwi na hadhi hiyo na hawazikani kwa sababu yake. Je, huo bado ni utani kwa maana iliyotumika katika mada hii? Jibu kwa kutumia angalau nadharia mbili.